Dubai–Guangzhou: tiketi inasema kwenda saa 11, kurudi saa 4 na nusu. Nani ananielewesha?

#1 Mzigo wa Jumla (mleta mada)

Wakuu heshima kwenu.

Mimi ni mfanyabiashara mdogo tu hapa Kariakoo: makava ya simu, protekta, chaja. Katikati ya mwezi wa kwanza nakwenda Guangzhou, Uchina, kwa mara ya kwanza, kabla viwanda havijafunga kwa mwaka mpya wao. Napitia Dubai siku mbili maana kuna mtu wa Deira tunadaiana. Kipande cha Dar–Dubai nakijua, nimeshakipita. Kinachonitoa jasho ni cha Dubai–Guangzhou. Nanakili tiketi kama ilivyo:

Kwenda: kuondoka 10:45, kufika 22:00.
Kurudi: kuondoka 00:15, kufika 04:50.

Nimehesabu kwa vidole, nikarudia kwa kalkuleta. Kwenda ni saa 11 na robo. Kurudi ni saa 4 na dakika 35. Njia ni ile ile na kampuni ni ile ile. Binamu yangu mwenye saluni anasema kurudi ni mteremko. Nilicheka, ila jibu la kumpa sina.

Kwa wajuvi: umbali hasa ni kilomita ngapi, na mtu anakaa hewani saa ngapi? Nawasilisha.

#2 Kiti cha Nyuma

Ngoja waje wataalamu. Nimekaa pale na kahawa yangu.

#3 Dunia Duara

Jibu rahisi mkuu. Dunia inazunguka kuelekea mashariki. Ukienda Uchina unaikimbiza Guangzhou nayo inakukimbia, ndiyo maana saa 11. Ukirudi, Dubai yenyewe inakuja kukupokea. Sayansi ya darasa la sita hiyo.

#4 Kiti cha Nyuma

Hii chai haina hata sukari.

#5 Mekanika wa Hangari

Mleta mada, mimi si rubani. Ni fundi wa hangari, mikono ina grisi, lakini hesabu hii kwetu ni ya kila siku.

Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mji husika. 10:45 ni ya Dubai, 22:00 ni ya Guangzhou. Dubai iko saa 4 mbele ya Greenwich, Uchina saa 8, kwa hiyo kati yao kuna saa 4. Kwenda, toa hizo 4: saa 11 na robo zinabaki 7 na robo. Kurudi, ziongeze: saa 4 na dakika 35 zinakuwa 8 na dakika 35.

Kwa hiyo mwambie binamu yako kwamba kurudi ndiko mlima.

Dunia Duara, hewa nayo inazunguka pamoja na dunia. Panda SGR ya Dodoma, treni ikiwa kwenye kasi ya 160 ruka juu ndani ya behewa: utatua pale pale uliporukia, hutajikuta behewa la nyuma. Maneno yako yangekuwa kweli, mtu angepaa na helikopta hapa Dar, akaning'inia angani saa moja, akishuka yuko pande za Mbuji-Mayi huko Kongo bila kuchoma mafuta ya safari. Wachimba almasi wangeshajaza angani.

#6 Dunia Duara

Nimekuelewa fundi. Lakini swali langu linabaki. Kama si mzunguko, kwa nini saa 7 kwenda na 8 na nusu kurudi? Umeondoa tofauti ya saa za miji, bado kuna saa nzima na dakika 20 inapotelea wapi?

#7 Nyanya Chungu

Na umbali wenyewe mbona hamuusemi? Mimi nimetafuta nimeona namba tatu: 5,830, nyingine 3,620, nyingine 3,150. Nani mkweli?

#8 Mekanika wa Hangari

Dada Nyanya, zote tatu ni kweli. 5,830 ni kilomita. 3,620 ni maili za barabarani, zile za kilomita 1.609. 3,150 ni maili za baharini, kila moja kilomita 1.852, na hizo ndizo watu wa ndege na wa meli wanazotumia. Umbali ni mmoja, vipimo vitatu, kama mchele kwa kilo, kwa pishi na kwa gunia.

Huo ni umbali wa kukata moja kwa moja, uwanja hadi uwanja. Chukua chungwa, choma njiti mbili, vuta uzi kati yake. Uzi hautafuata mstari ulionyooka unaouona kwenye ramani ya ukutani, utapinda kidogo kuelekea kaskazini. Dubai na Guangzhou ziko karibu mstari mmoja, nyuzi 25 na 23 kaskazini ya ikweta, lakini katikati ya njia fupi kabisa unajikuta nyuzi 27, mpakani mwa India na Nepal. Ila kwa miji hii miwili faida ya kupinda ni kilomita 40 tu hivi. Wanaoruka Tokyo kwenda New York ndio wanaofaidi.

Sasa Dunia Duara, saa yako iliyopotea ni upepo.

Huko juu, kilomita 9 mpaka 12, kuna mkondo wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki. Wakati wa baridi ya Asia unapita kusini kidogo ya Himalaya, yaani ndani ya njia hii hii ya mleta mada, na kasi ya kilomita 200 kwa saa si ajabu. Ndege hizi kubwa hukata hewa kwa kilomita 900 hivi kwa saa. Tuseme wastani wa upepo njia nzima ni 120. Kwenda, 900 jumlisha 120 ni 1,020, gawa umbali kwa hiyo, unapata saa 5 na dakika 43. Kurudi, 900 toa 120 ni 780, unapata saa 7 na nusu. Ongeza kupanda, kushuka, kupinda njiani na kule kutambaa uwanjani kabla ya kuruka na baada ya kutua. Muda wa tiketi unaanza gurudumu likisogea kutoka kwenye maegesho na kuisha likisimama kwenye maegesho ya pili, kwa hiyo siku zote ni mrefu kuliko muda wa hewani.

#9 Nahodha wa Shangani

Assalaam alaykum vijana. Mimi baharini nimekaa miaka mingi kuliko wengi wenu mlivyokaa duniani. Huo upepo munaousema si ndio kaskazi yetu? Mwezi wa kwanza kaskazi imeshika. Lakini kaskazi inatoka huko Uarabuni na Bara Hindi inakuja kwetu, haiendi Uchina. Nifahamisheni.

#10 Mekanika wa Hangari

Waalaykum salaam mzee wangu, shikamoo.

Kaskazi na kusi ni pepo za chini, zile zinazojaza tanga. Huu mwingine uko juu kabisa, na kaskazi ikivuma huku chini kuja kwetu, wenyewe kule juu unavuma kuelekea Uchina. Lakini hukukosea kuwaza kwamba ni ndugu. Zinakwenda na majira yale yale. Bara la Asia likipata joto, kwetu kusi inashika, India inaanza masika yake, na ule mkondo wa juu unahama, unaiacha Himalaya kusini yake na kupita kaskazini ya Tibet. Ndiyo maana mwezi wa saba tofauti ya kwenda na kurudi inapungua sana. Juu ya India kusini upepo wa juu hata unageuka, unavuma kutoka mashariki.

Mleta mada anakwenda mwezi wa kwanza. Atapelekwa na tanga limejaa, atarudi kwa kupiga makasia.

#11 Nahodha wa Shangani

Hapo nimefahamu, baba. Nasi zamani tulikuwa tunangoja mwezi wa nne kurudi. Yeye hawezi kungoja?

#12 Mzigo wa Jumla (mleta mada)

Marahaba kwa darasa wakuu, na shikamoo mzee Nahodha. Siwezi kungoja, frem ya Kariakoo ina kodi.

Nimemsomea binamu post namba 5. Amenyamaza, kisha akasema kumbe tiketi zina siasa.

#13 Mtoto wa Msimbazi

Swali la uchokozi: kwa nini upitie Dubai? Air Tanzania wana moja kwa moja Dar–Guangzhou. Nimepiga hesabu: Dar–Guangzhou ni km 8,710 hivi. Dar–Dubai 3,980, ongeza 5,830, ni 9,810. Unajizungusha kilomita 1,100 bure, sawasawa na kwenda Mwanza kwa basi.

#14 Mzigo wa Jumla (mleta mada)

Mkuu hujasoma kuhusu mtu wa Deira. Hela yangu iko pale, Guangzhou nakwenda kuitumia. Bila Deira hakuna Guangzhou.

#15 Nyanya Chungu

Mekanika nisaidie jingine. Mwaka juzi nilikaa dirishani njia hiyo hiyo, nikajiambia leo naiona Everest. Nikaona theluji mbali sana upande wa kushoto, mstari mweupe kama chumvi ukingoni mwa sinia, basi. Ramani ya kwenye kiti ilionesha tunakwenda India katikati, halafu Bangladesh, halafu Myanmar, ndipo tukaingia Uchina kwa Kunming. Kama njia fupi iko mpakani mwa Nepal, kwa nini wasipite juu ya milima yenyewe tukaiona?

#16 Mekanika wa Hangari

Milima yenyewe haizuii. Ndege iko kilomita 11, Everest haifiki 9. Wanachohofia ni siku ya bahati mbaya.

Hewa ya ndani ya ndege ikivuja, zile barakoa za oksijeni zinadondoka. Oksijeni yake ni ya dakika 12 mpaka 20 na kitu. Ndani ya muda huo rubani lazima awe ameshuka mpaka futi 10,000, mita 3,000 hivi, ambako mtu anapumua bila msaada. Sasa Tibet: uwanda wake una wastani wa zaidi ya mita 4,500, karibu sawa na kilele cha Mlima Meru, na ukubwa wake ni zaidi ya mara mbili ya Tanzania. Unashukia wapi? Ndiyo maana njia nyingi zinauzunguka kwa kusini, na kilomita 5,830 za kwenye karatasi zinakaribia 6,000 kwenye mafuta.

Kuna na mambo ya wakubwa. Februari 2019 Pakistan ilifunga anga lake lote baada ya kukwaruzana na India, ikaja kulifungua kikamilifu Julai. Miezi mitano hiyo ndege nyingi kati ya Ghuba na mashariki zilipita kusini juu ya bahari. Milima haikusogea hata inchi, njia ikarefuka.

#17 Bint Pemba

Mimi naleta la kwangu ambalo halimo kwenye hesabu za mafundi. Ramadhani ya 2024, mwisho wa mwezi wa tatu, nilipanda ndege ya muda huo huo wa mleta mada, saa tano kasorobo asubuhi, nimefunga. Daku nilikula Deira. Magharibi ya Dubai ni kama saa kumi na mbili na nusu jioni, na nia yangu ilikuwa ningoje mpaka hapo.

Chakula kilipita mchana nikakataa. Dada wa ndege akanielewa, akaniwekea trei pembeni. Tumekwenda, tumekwenda, ghafla namuona yule mzee wa Kichina jirani yangu anainua kipazia cha dirisha. Jua lilikuwa nyuma yetu, silioni. Naona bawa tu limekuwa jekundu, na kule mbele giza linatujia mbio kama mtu anayevuta shuka. Nikaangalia saa yangu ya mkononi, bado ilikuwa ya Dubai: saa kumi kasoro dakika tano, alasiri! Nikangoja wekundu wa bawa uishe, nikafungua tende tatu nilizozifunga kwenye tishu. Mzee wa watu ananitazama mimi, anatazama nje. Nikampa moja. Akaila taratibu, kisha akabaki na kokwa kati ya vidole viwili hajui aiweke wapi, mpaka nikamnyooshea tishu yangu.

Siku fupi kuliko zote nilizowahi kufunga.

#18 Kiti cha Nyuma

Msafiri si ana ruhusa ya kula, dada?

#19 Bint Pemba

Anayo, kaka yangu. Lakini kulipa wakati wenzio wanakula vileja si kazi ndogo.

#20 Mekanika wa Hangari

Dada Bint Pemba hesabu yako imo, tena imekaa sawa. Mlikuwa mnalikimbia jua na lenyewe linakimbia upande wa pili. Dubai ungengoja saa 7 na dakika 45 tangu kuruka. Angani ukangoja 5 na dakika 10. Wakati huo mlikuwa juu ya kaskazini ya Myanmar, kwa makisio yangu.

Na mngekuwa mnabadilisha saa kila mnapopita nchi mngechoka: Dubai 4, Pakistan 5, India 5 na nusu, Bangladesh 6, Myanmar 6 na nusu, kisha ghafla Uchina 8. Nepal wao wana 5 na dakika 45, sijui walikosana na nani. Uchina nzima inatumia saa moja tu tangu 1949, nchi ambayo kwa upana ingestahili saa tano. Pale inapopakana na Afghanistan, ukivuka mpaka saa yako inaruka mbele saa 3 na nusu kwa hatua moja.

#21 Mzee wa Kontena

Mleta mada, wote wamekufundisha kwenda. Mimi nakufundisha kurudi, kwa sababu ada nimeshalipa.

Tiketi yangu iliandikwa Alhamisi 00:15. Nikajua Alhamisi usiku. Alhamisi nikazunguka sokoni, nikafunga mizigo, nikapiga maji, saa tatu usiku niko uwanjani na begi mbili za kilo 23. Dada wa kaunta akachukua pasi yangu, akaandika, akaandika tena. Akanigeuzia skrini, akaweka ukucha juu ya tarehe, hakusema neno. Ndege yangu ilikuwa imeondoka jana yake usiku, wakati mimi nimelala hotelini na shuka mpaka kichwani. Saa 00:15 ya Alhamisi ni dakika 15 tu tangu Alhamisi izaliwe!

Ilibidi ninunue tiketi nyingine ya kwenda tu, kwa bei ya dharura. Hasara ile iliingia kwenye bei ya suruali za jinzi nilizokuja kuuza, wateja wangu wa Tandika wanisamehe.

#22 Bint Pemba

Pole sana, mzee. Lakini hayo ni matatizo ya watu wa bara. Kwetu ukisema "usiku wa Alhamisi" kila mtu anajua ni usiku wa kuamkia Alhamisi, yaani Jumatano jua likishazama. Ungekuwa Mpemba ungelala kwenye ndege.

#23 Mtoto wa Msimbazi

Hapana bwana. Usiku wa Alhamisi ni usiku unaofuata baada ya mchana wa Alhamisi. Nani anaanza siku kwa usiku?

#24 Nahodha wa Shangani

Sisi. Siku yaanza magharibi. Ramadhani yaingia usiku kabla ya mchana, Idi kadhalika. Wewe mwezi ukiandama watangaziwa saa ngapi?

#25 Kiti cha Nyuma

Hapa kahawa yangu imepoa nikaongeza nyingine.

#26 Mekanika wa Hangari

Wazee wangu, naomba niweke breki kidogo. Kwa 00:15 hesabu ya Pemba inamwokoa mtu. Lakini tiketi inaanza siku saa sita usiku, haianzi magharibi. Ndege ikiandikwa Alhamisi 22:00, Bint Pemba atasema huo ni usiku wa Ijumaa, na kwa mila yake yuko sahihi. Akimwambia dereva wa teksi wa kutoka bara "njoo nichukue usiku wa Ijumaa", dereva atakuja siku ya pili yake ndege imeshafika ilikokwenda.

Dawa ni kuandika kwenye karatasi: Jumatano saa tatu usiku niwe nimeshafika uwanjani. Usiandike saa ya ndege, andika saa yako ya kufika.

#27 Bint Pemba

Haya, hapo umenishika fundi.

#28 Mzigo wa Jumla (mleta mada)

Wakuu nimeingia baridi. Nimekimbilia kwenye tiketi: kurudi, Jumatano 00:15. Kwa hiyo Jumanne jioni naondoka hotelini? Nilikuwa nimeshamwahidi mtu wa kiwanda kwamba Jumatano mchana tunaonana!

#29 Mzee wa Kontena

Jumanne, mdogo wangu. Jumanne! Na huyo wa kiwanda mpigie leo.

#30 Kaka wa Xiaobei

Nasoma huku Guangzhou mwaka wa tatu, niongeze machache.

Uwanja wa huku unaitwa Baiyun, maana yake mawingu meupe, ni jina la mlima ulioko jirani. Kwenye lebo ya begi lako utaona herufi CAN, usishtuke ukadhani limepelekwa Kanada. Ni kifupi cha Canton, jina ambalo wageni waliuita mji huu zamani. Ukifika saa nne usiku, mpaka umalize uhamiaji na kuchukua begi, hesabu karibu na saa sita ndio uko barabarani. Jina la hoteli na anwani yake iwe imeandikwa kwa Kichina kwenye karatasi, simu inaweza kuzima. Xiaobei, mtaa wa huku wenye Waafrika wengi, hata usiku huo utapata wali na maharage, usijali.

Na hii ya saa nawapa bure. Huku tuko saa 5 mbele ya Dar. Lakini usihangaike kutoa tano halafu kubadilisha kuwa saa za Kiswahili. Tazama saa ya ukutani ya Guangzhou, ongeza moja, hiyo ndiyo saa ya nyumbani kwa Kiswahili. Huku ikiwa saa 3 mchana ya Kizungu, nyumbani ni saa nne asubuhi. Huku ikiwa 9 asubuhi, nyumbani ni saa kumi usiku: usimpigie mkeo.

#31 Mtoto wa Msimbazi

Nimejaribu na 11, 2, 6, 12. Inakubali zote. Miaka yote hii nahesabu vidole kumbe!

#32 Dereva wa Buyenzi

Niko Bujumbura. Kwetu hata hiyo moja hatuongezi, maana tuko saa moja nyuma ya Dar. Saa ya Uchina ikionesha 3 mchana, kwetu ni saa tatu asubuhi. Mshale ule ule. Nina saa ya ukutani iliyokuja na mzigo kutoka huko ikiwa imeshatiwa majira yao, sikuigusa, inafanya kazi mpaka leo.

#33 Kiti cha Nyuma

Mwenye saa yake amependeza.

#34 Mzigo wa Jumla (mleta mada)

Wakuu nimerudi, niko frem. Niliwaahidi mrejesho moyoni ingawa sikuandika.

Kwenda: tuliondoka na dakika 20 za kuchelewa. Nilikaa na ile ramani ya kwenye kiti kama mtu anayeangalia mpira. Juu ya India ikaandika kasi ya ardhini 1,048. Nikampiga kiwiko jirani yangu nikamwonesha, hakuelewa Kiswahili wala furaha yangu. Tangu magurudumu yaache ardhi mpaka yaiguse nilipima saa 6 na dakika 22. Tulichelewa kuondoka na bado tukawahi kufika.

Deira yule bwana alinilipa nusu. Nusu nyingine ana maneno.

Kurudi: Jumanne saa mbili na nusu usiku niko Baiyun, mapema kuliko wafagizi. Hewani saa 8 na dakika 6. Kasi ilishuka mpaka 741 sehemu fulani, upepo wa mbele. Kitu ambacho hamkunitahadharisha ni giza. Unaruka usiku, unakaa gizani saa nane, unashuka Dubai bado ni alfajiri na adhana haijatoka. Nililala mara tatu, kila nikiamka nje ni usiku ule ule.

Binamu nimemletea mashine ya kunyolea. Nimempa namba zote mbili, 6:22 na 8:06, nikamwambia haya, mteremko uko wapi. Akaiwasha ile mashine, akaisikiliza, akasema inanguruma vizuri.

#35 Nyanya Chungu

Milima uliiona?

#36 Mzigo wa Jumla (mleta mada)

Nilipewa kiti cha upande wa kulia, dada.